Askari wa Mkaa

Picha ilirudi kutoka mjini ikiwa safi kuliko ilivyoondoka, na ubaya wote ulianzia hapo.

Kisa aliileta mwenyewe kwa baiskeli kutoka Kyela mpaka Ikolo, kaifunga kwa nailoni kwa sababu ya mvua, na alipofika uani hata viatu hakuvua. "Bibi, fumba macho," akasema. Bibi Naomi alikuwa anaanua kakao mkekani, mikono yote inanuka uchachu, akafumba macho palepale alipoinama. Alipoambiwa afumbue, akaiona picha yake ya sebuleni imetiwa kwenye fremu mpya ya rangi ya dhahabu, na kioo juu yake, rangi zimekolea hata zinaumiza macho.

"Fundi Yasini kaisafisha yote," Kisa akasema kwa furaha. "Masizi yote yametoka. Halafu kaipiga plastiki, haiingii maji wala moshi tena. Zawadi yako hiyo, bibi."

Naomi akatazama ukingo wa kulia wa picha, pale mstari wa askari unapoishia. Akatazama tena. Hapakuwa na mtu.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilikuwa kimemkimbia. "Ndaga fijo."

Picha yenyewe inabidi ielezwe, kwa kuwa siku hizi imebaki katika nyumba chache. Ilichapishwa vita vya Kagera vilipokwisha. Katikati yake amesimama mwanamke mkubwa kupita milima, kavaa nguo nyeupe, mkono mmoja ameinua mwenge na mwingine amekumbatia shada la mpunga na mahindi. Huyo ndiye Ushindi. Mguu wake umemkanyaga mamba aliyevishwa kofia ya kijeshi, nishani zimemjaa kifuani, ulimi uko nje. Nyuma yake jua linachomoza, na kutoka katika hilo jua unashuka mstari wa askari wanaorudi nyumbani, wote wamenyooka, wote sura moja, kama matofali ya kibao kimoja. Chini kabisa yako maandishi mekundu: USHINDI NI WETU. HATULII, TUNASHANGILIA. Aliyeichora alikuwa fundi, hilo hatumnyimi. Ila alikuwa hajafiwa.

Bwana mmoja kutoka wilayani ndiye aliyeileta, enzi hizo Naomi ni msichana aliyeolewa mwaka uliotangulia, na mimba yake imeshaanza kuonekana. Yule bwana alimpa baba mkwe picha na habari kwa mkupuo mmoja: kijana wenu Andongwisye hatarudi, na mwili wake hauletwi. Naomi akafungua mdomo alie. Yule bwana, kwa adabu kabisa, akainua kiganja na kumwonyesha maandishi mekundu. Shujaa haliliwi, alisema. Kumlilia ni kumfurahisha adui. Baba mkwe alikuwa mtu wa kuitikia ndiyo kwa kila aliyeshuka kwenye gari la serikali, basi akachinja ng'ombe, ngoma zikaletwa, watu wakacheza mpaka jioni, na Naomi naye akachezeshwa na tumbo lake. Kwa kawaida ya nyumba ile, mtu akifia mbali nguo zake huzikwa migombani nyuma ya nyumba, wanawake wakajifunga vitenge viunoni na kumlilia mpaka sauti ziwakauke. Andongwisye hakufanyiwa hata moja. Shati lake likabaki sandukuni.

Siku zilizofuata Naomi aliwatazama wale askari mmoja mmoja, na mume wake hakuwamo. Andongwisye alikuwa na bega la kushoto lililolala kwa kubeba mikungu ya ndizi tangu utotoni, na masikio makubwa ambayo yeye mwenyewe aliyacheka. Basi akachukua kipande cha mkaa jikoni, akamchora mwishoni mwa mstari, bega chini, masikio yote mawili. Alipomaliza moyo wake ukatulia. Mtu aliye kwenye mstari hajafa, amechelewa tu. Tangu hapo, kila moshi ulipomfifisha alimkolezea tena, na kila asubuhi kabla hajawasha moto alisimama mbele yake na kumsalimu, "Ugonile." Alimzaa Hezroni akiwa anamsalimu hivyo. Hezroni akakua, akaoa, akaachwa, akaenda zake Tunduma kuendesha malori, akamwacha binti yake Kisa alelewe na bibi, na salamu ya asubuhi ikawa bado ni ileile. Wanaume waliokuja kumposa aliwajibu kwamba ana mume, yuko njiani.

Kisa aliyajua mengi ya bibi yake, ila hili hakulijua. Alidhani lile doa la pembeni ni masizi ya jiko, na Yasini fundi akadhani hivyohivyo.

Jioni ile Kisa alipokwenda kuteka maji, Naomi aliishusha picha, akang'oa misumari ya fremu kwa ncha ya kisu, akaitoa. Akachukua mkaa. Mkaa ukateleza. Akaukandamiza, ukavunjika ukamwagika unga, na plastiki ikabaki inang'aa. Akajaribu kwa mkaa wa kulowesha, akajaribu kwa masizi ya sufuria, vidole vikawa vyeusi na picha ikabaki safi. Mwishowe akaketi sakafuni, picha mapajani, akaona aibu hata ya kuitazama, kwa kuwa alijisikia amemfungia mtu mlango nje na mvua inakuja.

Na mvua ikaja. Wa Kyela hawaiogopi mvua, wamezaliwa nayo, lakini ile ya kesho yake mchana ilishuka na giza mpaka kuku wakaingia bandani kulala. Naomi alikuwa sebuleni anachagua mchele. Kwanza alisikia harufu. Ilikuwa ngozi ya viatu iliyolowa, na mafuta ya bunduki, na chini yake harufu ya nguo iliyokaa ardhini muda mrefu. Kisha akasikia hatua. Zilizunguka nyumba taratibu, nzito, kushoto na kulia, kushoto na kulia, zikasimama penye mlango, halafu zikaendelea palepale bila kusogea, kama anavyofanya askari aliyeambiwa asimame asiyepewa ruhusa ya kupumzika.

"Hodi," sauti ikasema.

Ungo ukamtoka mikononi. Ile sauti angeitambua hata akiwa kaburini.

Alitaka kuitikia, akachelewa. Na Kisa, ambaye alikuwa jikoni anakaanga usipa, wale dagaa wa ziwani, na hajui lolote, akaitikia kwa sauti yake nzuri ya ukarimu, "Karibu!"

Hatua zikanyamaza. Naomi alipofungua mlango hakuona mtu. Kizingitini palikuwa na tope jekundu, na udongo wa Ikolo ni mweusi.

Tangu siku hiyo Kisa akaanza kuondoka kidogo kidogo. Hakuumwa. Alifua, alipika, alisuka nywele zake kibarazani, lakini alikuwa anaimba wimbo wa kwata ambao hakuna wa rika lake aujuaye, na mvua ikianza tu alikuwa ananyamaza na kuinamisha kichwa upande wa migomba.

"Unasikiliza nini?" Naomi akamuuliza.

"Kuna mtu ananiita."

"Anakuitaje?"

Kisa akacheka, akajifunika mdomo kwa kiganja kama wanavyofanya maharusi. "Ananiita Naomi."

Naomi akaenda chumbani akaketi kitandani. Watu wote wa Ikolo walikuwa wakimwambia kwamba mjukuu amefanana naye, wajihi ule, shingo ile, mwanya uleule, na yeye alikuwa akilipokea neno hilo kwa furaha. Hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kuwa hatari. Siku mbili tatu baadaye akakuta sanduku liko wazi, na Kisa amevaa kitenge cha buluu alichoolewa nacho yeye, kile kilichofifia mikunjoni. Akamwita kwa jina lake, hakugeuka. Akamwita mara ya pili, akageuka na kumwamkia "shikamoo, mama mkwe," kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. Miguu yake ilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye vifundo.

Alfajiri iliyofuata Naomi aliamka akakuta kitanda cha Kisa kitupu, akatoka na ushungi mkononi, akapita migombani, akapita mpunga wa jirani uliolala kwa maji, huku ukungu umeshika chini na kila mti anaouona unakuwa kwanza mtu halafu unakuwa mti, na ile harufu ya viatu iko mbele yake wakati wote, hatua chache tu mbele yake, haisogei mbali wala haimngoji, mpaka akatokea kwenye njia ya mtoni na kumkuta msichana amesimama ukingoni, furushi kichwani, maji yanapita mazito yamebeba magogo.

"Kisa! Mwanangu, unafanya nini hapa?"

"Amesema bado," Kisa akajibu kwa unyonge. "Maji yakipanda mvua ijayo ndio tutavuka. Kambi yao iko ng'ambo. Amesema wote wako pale, wanangoja waruhusiwe."

Naomi akamshika mkono akamrudisha. Njiani alikuwa na hofu, na haikuwa hofu peke yake. Mungu amsamehe, kulikuwa na wivu pia. Kungoja angoje yeye, kuitwa aitwe mwingine.

Siku hiyohiyo alimwacha Kisa kwa jirani yake Asajile, mama wa watu, akambembeleza asimwache atoke. Yeye akaifunga picha kwa nailoni, akapanda baiskeli ya abiria mpaka mjini.

Duka la Yasini liko nyuma ya stendi. Hupiga picha za pasipoti, huchapa kadi za harusi na mabango. Babu zake walitoka Kilwa na biashara ya nguo, naye ni mcheshi, huongea na mteja mpaka mteja asahau alichofuata. Alipoiona ile nailoni kwapani mwa Naomi ucheshi ukamwisha.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali usiifungue humu ndani."

"Ulimfuta mtu wangu," Naomi akasema.

Yasini hakuuliza mtu gani. Alivuta droo akatoa picha, akazipanga juu ya meza. Mwalimu aliyepiga pasipoti, maharusi wa Ipinda, mtoto wa kipaimara, watalii waliotoka Matema. Katika kila picha, pembeni, alisimama mtu wa kijivu asiye na uso, bega la kushoto limelala.

"Nilidhani masizi, bibi. Wallahi nilidhani masizi. Nilifuta kwa raba mpaka pakawa peupe, nikajisifu. Kesho yake akaanza kutokea. Nikimfuta kwenye kompyuta anatokea kwenye karatasi. Nikamwita ami yangu."

Ami mwenyewe, Maalim Mudathiri, alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mzee mfupi mwenye kikohozi. Alimkaribisha Naomi kando yake, akaongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili.

"Bi Naomi, mimi majini nayajua, nimehangaika nayo tangu nina ndevu nyeusi. Jini akiingia mahali anajua anachotaka. Atataka damu, atataka manukato, atataka kitanda cha mtu. Huyu nilimsomea na kumfukizia ubani, nikamuuliza anataka nini. Unajua alinijibu nini? Aliniuliza njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya Ikolo." Mzee akainamisha kichwa. "Nikamwelekeza. Nilifikiri namtoa dukani kwa kijana wangu, basi. Sikujua kuna mtu huko. Nisamehe, dada yangu."

Naomi akamsimulia yote, na ni mara yake ya kwanza kumsimulia mtu. Maalim alisikiliza, Yasini akashindwa, akatoka nje akasimama barazani. Plastiki haibanduki, Yasini alishasema. Ukiivuta inakuja na karatasi yake. Nyumba ya Andongwisye, ule ukingo wa picha, ilikuwa imeshavunjwa na haijengeki.

"Mlimlilia?" Maalim akauliza mwishoni.

"Tuliambiwa tusilie."

"Basi hajui kama amekufa. Nani angemwambia? Hao waliochapa picha walimwambia anarudi nyumbani ameshinda. Mlilie, Bi Naomi. Fanyeni kama mnavyofanya kwenu, mzike alichoacha. Akisikia kilio ataelewa."

"Nikimlilia," Naomi akasema, "atakuwa amekufa."

"Na usipomlilia?"

Aliitia picha yake kwapani akarudi.

Na hapa tusimfiche Naomi. Njia nzima hakuwa anafikiria kulia. Alikuwa anafikiria kwamba amerudi. Maisha yake yote alilala upande mmoja wa kitanda, na sasa mwenye upande wa pili yuko nje migombani ameloa, anauliza njia. Alipofika nyumbani alikuwa ameshapanga. Angeoga, angejipaka mafuta, angekaa kizingitini mvua ikianza, na Andongwisye akija atamwona mkewe na kumwacha mtoto. Kama ni kuvuka mto, yeye angevuka. Alikuwa amezeeka, hakuwa na alichokibakiza. Na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hajisemei hata mwenyewe, alifurahi.

Alimchukua Kisa kwa Asajile, akamlaza ndani, akafunga mlango wa chumba kwa kitasa. Akavaa gauni lake la kanisani. Akaketi.

Mvua ilianza kwa mbali, milimani juu ya Matema, ikaja inatembea juu ya ziwa na mashamba, na giza lake lilipofika uani Naomi aliisikia ile harufu, akazisikia hatua, kushoto na kulia, kushoto na kulia, zikitoka upande wa mto na kupita katikati ya migomba, na majani yalikuwa yanajipinda kando kumpisha mtu, jani baada ya jani, mpaka mgomba wa mwisho ukajipinda na yeye akasimama pale, maji yanamtiririka kwenye kofia, bega la kushoto limelala, masikio yaleyale, na uso wa kijana ambaye ndevu zake bado hazijajua zitaota wapi.

Naomi alikuwa amesahau jinsi mumewe alivyokuwa mdogo. Alikuwa mdogo kuliko Hezroni. Angeweza kuwa mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi," Andongwisye akasema.

Aliitikia kwa mazoea. "Marahaba."

"Samahani kwa kukusumbua na mvua hii. Naulizia nyumba ya mke wangu. Ni kama hii, ila hii ina bati." Akatazama huku na huku, akachanganyikiwa. "Naomi yupo?"

"Ni mimi, baba. Ni mimi Naomi."

Akacheka kwa heshima, vile kijana anavyomchekea mzee aliyemtania. "Haya, bibi, nimekubali, wewe ni mke wangu." Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini nina haraka, wenzangu wananisubiri. Naomi wangu ni msichana, ana mimba. Ana mwanya hapa."

Naomi akafungua mdomo kumwonyesha mwanya, akakumbuka kwamba meno yale hayapo siku nyingi. Akampa mkono auone. Kijana aliutazama ule mkono wa mishipa na madoa kwa huruma ya ugeni, hakuugusa.

"Andongwisye," akamwita. "Nilikuchora mimi. Kila asubuhi nilikuwa nakusalimu."

"Ndiyo," akasema taratibu. "Kuna mtu alikuwa ananisalimu. Sauti ya Naomi." Na papo hapo macho yake yakapita juu ya bega la bibi, yakatazama mlangoni, na uso wake wote ukachanua. "Yule pale!"

Kisa alikuwa amesimama nyuma yake. Mlango wa chumba ulikuwa bado umefungwa kwa kitasa. Kavaa kitenge cha buluu, furushi kichwani, anatabasamu, na macho yake hayakuwa na mtu ndani. Alimpita bibi yake kama anavyopita kiti, akashuka kwenye mvua. Kijana akanyoosha mkono. Nyuma ya migomba, upande wa mtoni, Naomi alisikia maji yanapanda, na juu ya mlio wa maji akasikia miguu mingi, mingi mno, inapiga kwata palepale haiendi popote.

Kisa akaweka mkono wake katika mkono ule. Vidole vyake vikaanza kuwa vya kijivu, kama vya mkaa.

Hapo Naomi akaelewa kwamba mumewe hatamtambua kamwe, hata amwambie nini, na kwamba njia iliyobaki ni moja. Akasimama. Alisema kwa sauti iliyotulia ambayo yeye mwenyewe aliishangaa.

"Mwachie huyo, baba. Huyo si Naomi. Naomi alikufa."

Mkono wa kijana ukalegea. "Bibi, hilo si jambo la kutania."

"Alikufa akikungoja. Huyo ni mjukuu wake." Na mdomo wake, uliofungwa kwa kiganja cha adabu tangu usichana wake, ukafunguka, na kilio kikatoka. Hakukipanga. Kilitoka kikongwe, kirefu, kikapasua mvua kikaenda mpaka mashambani. Alimlilia Andongwisye kwa jina lake na jina la baba yake, akamlilia bega lake, akalia kwamba hakupikiwa chakula cha mwisho, akalia kwamba tulikuchezea ngoma, mume wangu, tulikuchezea ngoma na wewe uko mavumbini.

Kilio kama hicho hakiulizwi maswali. Asajile alitoka mbio anajifunga kitenge kiunoni, na nyuma yake wanawake wengine wakatokea kila upande wa migomba, wameloa, wameshaanza kulia kabla hawajajua ni nani. "Nani amekufa?" Asajile akamuuliza sikioni. "Mume wangu." Asajile akamtazama. "Huyu wa vitani? Amekufa lini, dada?" "Leo," Naomi akasema. Asajile akaketi kwenye tope akamkumbatia, na wote wakalia naye.

Kisa alianguka chini, furushi likafumuka. Wanawake walimwona Kisa. Yule mwingine hakuonwa na mtu ila Naomi.

Alikuwa amepiga magoti. Kofia ameivua ameikumbatia kifuani, na alikuwa analia kwa kwikwi, kama mtoto, bila kujificha. Alilia muda wote wanawake walipolia. Kisha akainuka, akaja mbele ya Naomi akainama, vile mtu wa heshima anavyotoa pole msibani.

"Pole sana, bibi. Naona alikuwa mtu wako wa karibu."

"Nilimfahamu," Naomi akasema.

"Aliteseka?"

"Kidogo."

Kijana akaitikia kwa kichwa. "Ndaga fijo, kwa kumlilia mke wangu. Mimi sikuwepo." Akavaa kofia, akaiweka sawa, akageuka. Hakuelekea mtoni. Alikwenda migombani nyuma ya nyumba, pale wanapozikwa watu wa ukoo, bega moja chini, na majani hayakujipinda kumpisha.

"Bibi?" Kisa akasema kutoka chini, na ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Bibi, nani amekufa?"

Mvua ilipokatika walichimba shimo. Naomi alilitoa shati sandukuni, akalinusa, halikunuka kitu, akalilaza. Halafu akaomba aletewe na ile picha. Kisa aliileta akilia, kwa sababu alikuwa ameshaelezwa, na bibi yake akamwambia asilie kwa hilo, zawadi ilikuwa nzuri.

Aliishika juu ya shimo ili aiage, kisha akaisogeza karibu na macho. Mama wa Ushindi alikuwa bado anatazama mbele anatabasamu, mguu juu ya mamba. Lakini wale askari, wale wa sura moja, waliotazama mbele miaka yote, walikuwa wamegeuza shingo. Na hawakuwa tena na sura moja. Huyu alikuwa na kovu, yule chongo, yule mwingine midomo minene ya mtoto. Mstari mzima mpaka ndani ya jua ulikuwa unamtazama yeye, unangoja.

Nyuma yake wanawake walikuwa wameanza kufungua vitenge viunoni wakakamue maji, waende kupika.

"Msifungue bado," Naomi akawaambia, na sauti yake ilikuwa imeshakauka. Akaketi chini ukingoni mwa shimo, picha mapajani, akawapa nafasi kando yake. "Kaeni. Wako wengine."